Matope Meusi ya Bondeni: Mwongozo wa Kuyasoma, Kuyalisha na Kuyalinda

Bonde alilotuachia nyanya yetu, kule Vihiga, si kubwa: hatua 40 kutoka mguu wa kilima hadi kijitoni. Mahindi ya mlimani yalipojikunja kwa jua la Januari, bondeni nduma zilisimama na majani mapana kama ungo. Sikumbuki hata siku moja akinunua mbolea ya dukani kwa ajili ya shamba lile. Alikata nyasi na majani ya migomba, akayakanyagia kwenye matope kati ya matuta, basi.

Alipofariki, sisi wajukuu tuliona maji yale ni hasara. Tulichimba mtaro wa kina cha mita 1.5 katikati ya bonde, maji yakashuka, tukapanda mahindi na sukuma wiki. Msimu wa kwanza tulivuna mpaka majirani wakaja kuuliza tumetia nini. Mwaka wa pili mavuno yakapungua. Mwaka wa tatu shamba lilikuwa limezama kiasi cha upana wa kiganja, na udongo uliobaki ulikuwa vumbi jeusi jepesi lisilokubali maji. Ukilimwagia, matone yanabingirika juu yake kama juu ya jani la nduma.

Rutuba ile tuliichoma wenyewe, polepole, bila moto. Naandika haya kwa yeyote mwenye kipande cha bonde Vihiga, Kakamega, Kisii au Siaya, au jaruba la mpunga Ahero na Bunyala, ili ajue kinachotendeka ndani ya matope kabla hajashika jembe. Vipimo vingi utavifanya kwa vitu vya nyumbani.

Kwa nini matope huweka akiba

Udongo wa mlimani unapumua. Jani likianguka, bakteria na kuvu hulila kwa kutumia oksijeni. Kaboni yake hurudi hewani kama kaboni dioksidi, na naitrojeni iliyokuwamo huachiliwa, mizizi ikaitumia. Maji yakiujaza udongo mambo hugeuka, kwa sababu oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Bakteria humaliza iliyopo kwa siku moja au mbili, na nyingine haifiki.

Baadhi yao huendelea kuishi kwa kupumua vitu vingine, tena kwa zamu. Kwanza ni naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni, ambayo hugeuka gesi ikapotea. Kisha manganizi. Kisha chuma, kile kile kinachoupa udongo wetu wekundu. Hapo huyeyuka majini, na udongo hubaki na rangi ya kijivu au ya kibuluu. Baada ya chuma ni salfeti, inayogeuka gesi yenye harufu ya yai viza. Vikiisha vyote ndipo inapotengenezwa methani, yale mapovu yanayopanda ukikanyaga kinamasi. Kila zamu humpa bakteria nguvu kidogo kuliko iliyotangulia, kwa hiyo kazi ya kuozesha huzidi kwenda taratibu.

Ukosefu huo wa oksijeni ndio kufuli la kwanza la akiba. Kuna la pili, na hili hunishangaza mpaka leo. Mafunjo, au togo kama wasemavyo Wajaluo, pamoja na matete na nyasi ngumu, yana lignini nyingi, ule ugumu unaosimamisha shina. Lignini ikianza kuvunjika hutoa finoli, jamii ya kemikali inayokwaruza ulimi ukinywa chai iliyochemka mno. Vimeng'enya, yaani kemikali ambazo bakteria na kuvu huzitumia kuvunjia chakula, vile vya kuharibu finoli vinahitaji oksijeni. Isipokuwapo, finoli hurundikana, nazo huvizuia hata vimeng'enya vingine. Ndiyo maana unaweza kufukua bua la mafunjo lililozama miaka mingi ukakuta nyuzi zake bado zipo.

Mtaro wetu ulifungua makufuli yote mawili kwa siku moja. Naitrojeni iliyowekwa kwa miongo kadhaa ilitoka kwa misimu miwili ikawa majani ya sukuma. Kaboni ikaenda hewani, na kwa kuwa kaboni ni takriban asilimia 58 ya mboji (mabaki ya mimea yaliyooza ndani ya udongo), udongo wenyewe ukapungua ukazama.

Maji yana wema mwingine usioonekana. Chuma kinapoyeyuka, fosforasi iliyokuwa imeng'ang'aniwa nacho huachiliwa. Udongo mchachu uliofurika hupanda pH (kipimo cha uchachu; 7 si chachu wala si chumvi) hadi karibu 6.5 au 7 ndani ya wiki chache, bila chokaa. Kwa udongo wa magharibi, ambao wekundu wake hushika fosforasi kama gundi, mkulima wa bondeni anapata bure sehemu ya kile jirani yake wa mlimani anachokinunua ndani ya gunia la DAP, mbolea ya fosforasi.

Hatua ya 1: Chimba shimo, utazame

Vaa gambuti kabla ya kuingia. Kichocho kipo katika mabonde na mifereji ya ukanda wa Ziwa Victoria, na konokono wanaokisambaza hukaa hasa kwenye maji yaliyotulia.

Chimba shimo la kina cha sentimita 50 katika sehemu tatu: karibu na kilima, katikati, na karibu na kijito. Kata ukuta mmoja uwe laini kwa panga, kisha usome kutoka juu kwenda chini. Tabaka jeusi au la kahawia nzito lenye vipande vya mizizi ni mabaki ya mimea. Kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu kinakueleza kwamba maji hupanda na kushuka hapo: kutu hujitokeza pale hewa inapoingia, mara nyingi kandokando ya mashimo ya mizizi. Kijivu kitupu kisicho na doa ni mahali ambapo maji hayaondoki. Nusa pia. Harufu ya mvua ya kwanza ni njema. Harufu ya yai viza ni salfa.

Ukiona utando unaometameta rangi nyingi juu ya maji ya mtaro, usikimbilie kusema ni mafuta ya pikipiki. Uguse kwa kijiti. Utando wa chuma huvunjika vipande kama kigae na kubaki hivyo. Mafuta hurudi kuungana. Utando wa chuma ukiwa mwingi, mpunga wako unaweza kupata madoa ya kahawia kwenye majani kwa sababu ya chuma kilichozidi.

Na usidanganywe na weusi. Udongo wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ni mweusi kuliko wa bonde letu, lakini mara nyingi mboji yake ni kidogo. Ni mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, na rangi yake haitokani na wingi wa mboji. Nimeona watu wakitoka milimani, wananunua shamba Kano kwa macho, halafu wanashangaa mahindi yakiwa ya njano. Tofauti unaisikia mkononi: mfinyanzi hunata na kuvutika kama unga wa chapati, tope lenye mabaki mengi ya mimea hukamulika likatoa maji ya rangi ya chai.

Hatua ya 2: Pima hewa kwa chuma

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na bei yake ni ndogo. Nunua nondo nyembamba au waya mnene wa chuma usiopakwa rangi wala zinki, urefu wa sentimita 60. Isugue kwa msasa mpaka ing'ae. Idungishe wima ardhini, uache sentimita 10 juu, na uweke alama ya kitambaa ili mtu asijikwae. Weka tano au sita katika sehemu tofauti za shamba.

Baada ya wiki nne hadi sita, ichomoe taratibu. Penye kutu ya rangi ya chungwa, oksijeni ilifika. Penye chuma kijivu, cheusi au kisafi, haikufika. Pima kwa rula kutoka usawa wa ardhi hadi kutu ilipokoma, uandike na tarehe. Ukirudia wakati wa mvua za masika, wakati wa vuli na wakati wa kiangazi, utakuwa na ramani ya upumuaji wa shamba lako kwa mwaka mzima, na maamuzi yote yanayofuata yatategemea namba hizo.

Kutu ikikoma sentimita 5 tu, hapo ni mahali pa nduma na mpunga. Mimea hii, kama mafunjo, ina mirija ya kupitisha hewa kutoka majanini hadi mizizini. Kwa mboga kama managu, saga na sukuma wiki, natafuta sentimita 20 hadi 30. Ikizidi 40 katika bonde lenye tabaka nene la mabaki ya mimea, unaanza kulichoma kama tulivyolichoma la kwetu.

Hatua ya 3: Kadiria mboji iliyopo

Kausha udongo juani siku tatu, uponde, uchekeche, kisha upime gramu 100 kwa mizani ya jikoni. Uweke kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, nje ya nyumba kwa ajili ya moshi, ukorogekoroge mpaka uache kutoa moshi kabisa; huchukua saa moja hadi mbili. Upoe, upime tena. Kilichopungua ni mboji pamoja na maji yaliyofungwa ndani ya mfinyanzi, kwa hiyo tumia kipimo hiki kulinganisha sehemu moja na nyingine, usikichukue kama namba kamili. Udongo ukipoteza zaidi ya gramu 20, hilo ni tope la mabaki ya mimea na linahitaji kutunzwa kwa maji.

Ukitaka namba ya uhakika, peleka sampuli kwenye maabara ya udongo, kwa mfano za KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo. Changanya udongo wa sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 20, uchukue nusu kilo. Maabara nyingi hutumia njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934, ambayo huunguza kaboni kwa asidi na daikromati, nayo haiipati yote; hupata kama robo tatu, kisha huongezewa kwa hesabu. Uliza kama hesabu hiyo imeshafanywa. Ukipewa asilimia ya kaboni, zidisha kwa 1.72 upate mboji.

Hatua ya 4: Panga maji kabla ya kufikiria mbolea

Mtaro mmoja mrefu unaoteremka moja kwa moja hadi kijitoni ni kosa. Chimba mitaro mifupi, ya kina cha sentimita 30 hadi 40, inayokatiza mteremko, na katikati yake acha matuta ya upana wa mita moja hivi. Tope unalolitoa mtaroni ndilo linaloinua tuta. Nduma zikae mtaroni au ubavuni mwake, mboga zikae juu.

Kila mtaro uwe na kizuizi mwishoni: mbao mbili, au magunia ya mchanga. Mvua kubwa ikija unafungua, kiangazi unafunga. Kwa njia hii tuta linapumua juu huku chini yake akiba ikiwa imefungwa, na mizizi inafika mpakani kuchukua kidogo kidogo. Nyanya alifanya hivi kwa kuziba mtaro kwa mashina ya migomba. Nilikuwa nikiona ni uchafu.

Usipande siku ile ile ulipoinua tope bichi. Lina chuma kilichoyeyuka, asidi za uozo na pengine salfa, vyote vinaumiza mizizi michanga. Likae juani na hewani wiki mbili au tatu mpaka kijivu chake kigeuke kahawia. Likiwa na harufu kali ya yai viza, litandaze jembamba na upime pH, kwa maana salfa hiyo ikikutana na hewa hutengeneza asidi ya salfa.

Hatua ya 5: Lisha kwa kipimo

Bakteria wanapokula kaboni wanahitaji naitrojeni ya kujenga miili yao. Chakula chenye kaboni zaidi ya mara 25 au 30 ya naitrojeni huwalazimisha kuichukua udongoni, na mmea wako unabaki njano. Samadi ya ng'ombe iliyokaa vizuri huwa kati ya 15 na 25, kwa hiyo haina shida. Mabua makavu ya mpunga huwa 60 na zaidi. Mafunjo makavu nayo ni magumu namna hiyo hiyo.

Dawa yake iko kwenye ua wa jirani: tithonia, yale maua ya njano yaliyojaa kandokando ya barabara kuanzia Maseno hadi Kakamega. Majani yake yakikauka yana naitrojeni karibu asilimia 3.5, potasiamu karibu asilimia 4 na fosforasi ya kutosha, na huoza kwa wiki chache tu. Hesabu niliyoifanya ni hii: kilo 75 za mabua makavu zina kaboni kama kilo 30 na naitrojeni chini ya nusu kilo. Ukiongeza tithonia yenye uzito mkavu wa kilo 25, naitrojeni inafika kilo 1.3 na kaboni kilo 40, yaani uwiano wa 30 kwa 1. Tithonia mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo shambani kanuni ni rahisi: kila kilo 1 ya mabua makavu, kilo 2 za majani na vichipukizi laini vya tithonia mbichi. Acha miti yake migumu.

Katakata kwa panga vipande vya kiganja, changanya, tandaza juu ya tuta na ufunike kwa tope la mtaroni unene wa vidole viwili. Usivifukie chini ya mstari wa maji. Vitu laini vikizama hutoa asidi ya siki na jamaa zake, na nyingi hutoka katika wiki mbili au tatu za mwanzo. Subiri zipite ndipo upande.

Uwe na subira na namba. Ekari moja kwa kina cha sentimita 15 ina udongo wa tani 600 hivi. Kuongeza mboji kwa asilimia 1 ni tani 6 zitakazobaki, na sehemu kubwa ya unachokiweka huliwa ikarudi hewani ndani ya mwaka. Kwa hiyo kulinda iliyopo ni rahisi mara nyingi kuliko kuirudisha. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimejaribu yote mawili.

Hatua ya 6: Kwa wenye majaruba ya mpunga

Baada ya mavuno Ahero huwa na moshi. Ekari ikitoa tani 2 za mabua, unachoma kilo 12 za naitrojeni, karibu nusu ya iliyo ndani ya gunia la kilo 50 la yurea. Potasiamu, kama kilo 30, inabaki kwenye majivu, ikisubiri upepo na mafuriko. Badala yake, lima kidogo, sentimita 10 tu, udongo ukiwa na unyevu lakini haujafurika, uyaingize mabua yakiwa mapya. Yakioza kwa hewa wiki tatu au nne kabla ya maji kuingia, hutapata asidi wala mapovu mengi ya methani wakati wa kupandikiza.

Udongo uliokauka kisha ukalowa hutoa naitrojeni kwa mshindo. H. F. Birch, aliyefanya utafiti Muguga, alilieleza jambo hili mwaka 1958 na wanasayansi wa dunia nzima wanaliita kwa jina lake hadi leo. Kwa mkulima wa mboga maana yake ni kupanda mapema, mvua ya kwanza isimpite. Kwa mkulima wa mpunga ni onyo: naitrojeni hiyo ikishakuwa naitreti, kisha ukafurisha jaruba, hugeuka gesi. Kwa sababu iyo hiyo usitie mbolea ya CAN kwenye jaruba lenye maji. Nusu ya naitrojeni yake ni naitreti. Tumia yurea, uiingize ndani ya tope.

Maji nayo yaachie nafasi. Chukua bomba la plastiki la sentimita 30, toboa matundu nusu ya chini, lidungishe hadi sentimita 15, utoe tope la ndani. Maji ndani yake yakishuka sentimita 15 chini ya ardhi, jaza tena jaruba kimo cha sentimita 5. Anza wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, na wakati wa kuchanua usiliache likauke. Methani hupungua sana, pengine kwa nusu, na mizizi inapata pumzi. Ng'oa mche mmoja utazame: mizizi yenye koti la rangi ya kutu ina afya, kwa sababu inatoa oksijeni, mizizi myeusi yenye harufu inakuomba uondoe maji.

Hatua ya 7: Kiangazi na ukingo

Usiwashe moto bondeni wakati wa kiangazi, hata kwa kusafisha magugu. Tope la mabaki ya mimea likikauka huwaka chini kwa chini kwa siku nyingi, na likishakauka kupita kiasi hunyonya maji kwa shida sana hata mvua zikirudi.

Acha mafunjo na matete kando ya kijito. Kanuni za Kenya zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka kwenye ukingo wa maji usiguswe, na kikemia una kazi: naitreti inayoteremka kutoka mashamba ya juu hugeuzwa gesi isiyodhuru mle kabla haijafika ziwani kulisha magugumaji. Wanaolima pembezoni mwa Yala, kinamasi kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini, chenye hekta 17,500 hivi, wanajua kwamba samaki na nyasi za mikeka hutoka mle mle.

Sisi tuliuziba mtaro wetu kwa magunia 60 ya mchanga, mahali patatu. Vumbi jeusi halikunywa maji mwaka wa kwanza; ilibidi tulifunike kwa majani ya migomba na samadi na kuliacha lilowe polepole kutoka chini. Nduma zilirudi ubavuni mwa mtaro, sukuma wiki ikabaki juu ya matuta ya karibu na kilima. Nondo niliyochomoa mara ya mwisho, ile ya katikati, kutu yake ilikoma sentimita 22.